Kuvuka Atlantiki kwa boti ya tanga, huko katikati mnaishije siku kwa siku?

mtoto_wa_nungwi

Wakuu habari za majukumu. Mi nimezaliwa na kukulia Nungwi, ngalawa na jahazi nazijua tangu utoto, baadae nikafanya kazi kwenye katamarani za watalii zile za kutoka asubuhi na kurudi magharibi, sa hivi niko Uhispania kwenye yadi ya kukarabati maboti. Kuna mzee mmoja mteja wetu ana yoti ya futi 43 ameniomba niende nae mwezi wa kumi na moja, kutoka Las Palmas kule Visiwa vya Kanari mpaka Saint Lucia, tutakuwa watu wanne.

Kushika usukani na kufunga kamba sina wasiwasi. Ninachotaka kujua ni maisha yenyewe. Mnalala saa ngapi, nani anapika, choo kinakuaje boti ikiyumba, maji ya kuoga yanatoka wapi, sala unasalije, na hizo wiki zote bila kuona ardhi mtu unakaaje na watu watatu kwenye nafasi ya chumba kimoja. Video za mtandaoni naona pomboo na jua linazama tu, hakuna anaeonesha sahani zinaoshwaje. Alieenda naomba aniambie kila kitu, hata mambo madogo.

sukani_na_dira

Kaka nenda. Mi nimepita njia hio hio kwa boti inayokaribia ukubwa huo na sisi pia tulikuwa wanne, kwa hio ntakueleza ilivyo.

Cha kwanza kabisa ni usingizi. Siku ya huko inagawanywa na zamu, mengine yote, kula, kuoga, kuongea na nyumbani, yanajipenyeza kati ya zamu na zamu. Sisi usiku tulihesabu kuanzia saa tatu mpaka saa tatu asubuhi, masaa matatu matatu, mtu mmoja mmoja. Mchana zamu tatu za masaa manne manne, na yule wa nne anakuwa mpishi wa siku hio, hashiki zamu ya mchana. Kesho yake kila kitu kinasogea mtu mmoja, kwa hio hakuna anaebaki safari nzima na ile zamu ya saa tisa usiku mpaka saa kumi na mbili, ambayo ndio ngumu kuliko zote, kope zinashuka zenyewe hata kama ulilala mchana.

Unamwamsha mwenzako robo saa kabla, unamchemshia chai, akipanda unamwambia upepo umekuaje, meli gani umeiona na iko upande gani, tanga limepunguzwa au la, wewe unashuka kulala papo hapo. Na anaelala haguswi. Hufungui kabati kwa kelele karibu na kichwa chake, hupigi stori kwenye ngazi, taa unawasha ile nyekundu tu. Nimeona watu wazima wamenuniana siku nzima kwa sababu mmoja alikuwa anachelewa kupanda dakika kumi kila zamu, na mi naona aliekasirika alikuwa na haki, dakika kumi za saa tisa usiku ni nyingi mno.

Kulala kwenyewe kuna kazi yake. Upepo wa kule unakuja kwa nyuma, kwa hio boti hailali upande mmoja kama ukienda joshi kukabili upepo, inayumba kushoto kulia usiku na mchana bila kupumzika. Kitandani unafunga kile kitambaa kigumu cha pembeni ili usimwagike chini alafu unajibana na mito pande zote mbili. Siku mbili tatu za mwanzo usingizi utakuwa wa vipande vipande na inawezekana ukatapika hata kama bahari ndio kwenu, manake mawimbi ya Atlantiki ni marefu na mwendo wa yoti ni mwingine. Dawa ya kichefuchefu meza kabla ya kuondoka, ukishaanza kutapika haikai tumboni. Na tangawizi beba ya kutosha.

Njia yenyewe hamwendi magharibi moja kwa moja. Mnashuka kusini kwanza kuelekea usawa wa Cabo Verde mkautafute upepo wa kaskazini mashariki, wazee wa bahari wa Ulaya walikuwa wanasema shuka kusini mpaka siagi iyeyuke ndio ugeuze. Jumla ni kama maili 2,700 za baharini. Boti ikifanya wastani wa fundo 6, yaani maili 6 za baharini kwa saa, ni maili 144 kwa siku, kwa hio weka siku 18 mpaka 21, upepo ukikataa zinaongezeka. Mwezi wa kumi na moja mwishoni ndio watu wanaondoka kwa sababu msimu wa vimbunga wa Atlantiki unahesabiwa kuisha tarehe 30 Novemba, na ule msafara wa maboti ya tanga unaoitwa ARC umekuwa ukitoka Las Palmas tangu mwaka 1986, kwa hio ukifika ukakuta bandari imejaa maboti na watu wanabeba maembe na mikungu ya ndizi usishangae.

Asubuhi kukikucha kuna mzunguko wa deki, huo usiuache hata siku moja. Unaokota panzi wa baharini waliorukia usiku, ukikawia wananuka, alafu unapita kila kamba kwa mkono na kila pini kwa macho. Adui wa safari ndefu ni kusuguana. Tanga likikaa mkao mmoja wiki nzima ile henza, kamba ya kupandishia tanga, inasugua sehemu moja tu kule juu ya mlingoti mpaka inakatika, kwa hio kila siku unailegeza kidogo au unaikaza kidogo ili isugulike mahali pengine. Demani, ile kamba ya kukaza na kulegeza tanga, nayo hivyo hivyo, na kamba inayoizuia ile boriti ya tanga kubwa isiruke upande wa pili. Chukua darubini uangalie juu mlingotini. Bolti ukiikuta imelala kwenye deki, hakuna kufanya kingine mpaka ujue imetoka wapi.

Mchana saa sita skipa anaandika mahali mlipo na maili za siku, hapo kila mtu anasogea, ndio habari kubwa ya siku.

binti_wa_mtwapa

Sukani kaeleza vizuri ila kaka zetu wakieleza safari jikoni wanapita haraka, acha nimalizie. Mi nilivuka kwa katamarani kutoka Mindelo, Cabo Verde, mpaka Martinique, na kupika nilipika sana.

Jiko la yoti ya mwili mmoja linabembea lenyewe, boti ikiyumba sufuria inabaki sawa. Tatizo ni wewe unaesimama. Kuna mkanda unajifunga kiunoni, ujifunge, na uvae suruali ndefu au eproni nzito hata kama kuna joto manake maji ya moto yakimwagika huko hospitali iko wiki mbili mbele. Chai usimimine umeshika kikombe mkononi, weka kikombe ndani ya sinki ndio umimine. Presha kuka ndio rafiki yako, maharage, dengu, choroko, nyama, vinaiva haraka, gesi inabaki na mfuniko umefungwa, hata ikiruka haimwagiki. Chapati nilipika, zinawezekana siku bahari imetulia, na wale wazungu walizipenda wakawa wanaziulizia kila mpishi wa siku akiwa mimi.

Vitunguu, viazi, kabichi, malimau, maboga vinakaa safari nzima ukivitundika kwenye nyavu mahali penye hewa na ukivipitia kila siku kutoa kilichoanza kuoza. Mayai nunua yale ambayo hayajawahi kuingia friji na uyageuze kila baada ya siku chache. Ndizi mkungu mzima ni kosa, zinaiva zote siku moja mkabaki mnakula ndizi asubuhi mchana na usiku, nunua za rika tofauti. Maboksi yote yaacheni bandarini, yanaingiza mayai ya mende, na plastiki punguzeni huko huko dukani, manake kutupa plastiki baharini ni marufuku popote pale duniani chini ya MARPOL, ule mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi wa bahari, maganda ya chakula tu ndio yanaruhusiwa ukishakuwa mbali na pwani. Takataka zenu mnazisuuza na maji chumvi, mnazikatakata, mnakaa nazo mpaka mfike.

Maji. Uliza kama kuna mtambo wa kuchuja maji ya bahari, na hata kama upo msiuamini peke yake. Piga hesabu watu wanne, lita 4 kila mtu kwa siku za kunywa na kupikia, siku 21, hiyo ni lita 336, na hizo ziwe tayari ndani siku mnaondoka, nyingine kwenye madumu tofauti na tangi, kwa sababu tangi likiingia chumvi au likipasuka yanakwenda yote. Vyombo vinaoshwa na maji ya bahari, vinasuuzwa na tone la maji matamu. Kuoga ni nyuma ya boti, maji chumvi kwanza na sabuni, mwisho lita moja au mbili za maji matamu kwa kujisuuza. Ndoo usiitupe majini boti ikiwa inakimbia na kamba umeizungusha mkononi, ina nguvu ya kukung'oa. Na jisuuze kweli, chumvi ikibaki kwenye ngozi na nguo, nguo hazikauki tena na makalioni mnatoka vipele vinavyouma vibaya mno kwa watu wanaoshinda wamekaa.

Choo ni cha pampu ya mkono, kinavuta maji ya bahari. Wanaume wote mnakaa, hakuna kusimama, hilo liwe sheria. Karatasi haiingii chooni, inaingia kwenye mfuko, choo kikiziba katikati ya bahari mtakifungua kwa mikono yenu.

Na hili nawaandikia dada watakaosoma baadae: kabla ya kukubali, kaa kwenye boti hio siku kadhaa ikiwa bandarini, toka nao safari fupi, ongea na watu waliowahi kusafiri na skipa huyo, ujue unalala wapi na mlango unafungwa au la. Ukiona mtu anakasirika ukimuuliza maswali haya hio ndio jibu. Mi nilimkatalia mmoja nikasubiri mwingine na nashukuru nilisubiri.

Mambo ya visa ulizia mapema. Martinique ni Ufaransa ila visa ya Schengen peke yake haikuingizi kule, na Saint Lucia nayo ni nchi nyingine na taratibu zake. Skipa anaandikisha jina lako kwenye orodha ya mabaharia wake, akishakuandikisha kuna nchi anabanwa yeye mpaka aoneshe unaondokaje, kwa hio mkubaliane kwa maandishi tiketi ya kurudi ni ya nani.

mtoto_wa_nungwi

Dada asante sana, hapo kwenye vipele na ndoo hakuna video imeniambia. Swali kuhusu meli. Usiku niko peke yangu juu, wenzangu wamelala, hizo meli kubwa zinatuona?

zamu_ya_alfajiri

Mdogo wangu nimefanya kazi meli za mizigo miaka mingi, wa Mombasa mimi, nakujibu kutoka upande wa pili wa hio taa.

Usidhani kwamba tunakuona. Boti ya futi 43 ya faiba kwenye mawimbi ya mita tatu rada inaichanganya na mawimbi yenyewe, inatokea inapotea inatokea. Kinachotusaidia ni AIS yenu, kile kifaa cha redio kinachotangaza jina la chombo na mahali kilipo, ikiwa inatuma, sio ile ya kupokea tu, kwa hio kabla hamjaondoka mpigie mtu simu au boti ya jirani aangalie kama jina lenu linaonekana. Kiakisi cha rada kiwe juu mlingotini, taa ya kileleni iwake usiku kucha.

Sheria za mwaka 1972 za kuzuia kugongana zinasema chombo cha injini kimpishe mwenye tanga, na wengi tunapisha. Ila sheria hizo hizo zinamtaka kila mmoja aangalie kwa macho na masikio muda wote, na wewe pia umo. Kutoka unapoziona taa zangu upeoni mpaka niko karibu nawe inaweza kuwa chini ya nusu saa, kwa hio zunguka macho pande zote kila dakika kumi, usimame, usiangalie umekaa. Ukiona taa nyekundu na ya kijani zote mbili kwa pamoja na zile nyeupe mbili zimepangana juu, naja moja kwa moja kwako. Niite mapema kwenye redio, chaneli 16, kwa jina la meli unalolisoma kwenye AIS, ukisema "meli iliyo mbele yangu" hakuna atakaejibu. Mara nyingi afisa wa zamu anafurahi kusikia sauti, huko katikati sisi pia tunakaa siku nyingi bila kuona kitu.

Na jambo zito. Ukianguka majini usiku wakati matanga yametandazwa kwa upepo wa nyuma, boti itakuwa mbali kabla wenzako hawajaamka, na kuyashusha kurudi ni kazi. Helikopta haifiki katikati ya Atlantiki. Wakibonyeza ile EPIRB, kifaa cha kuomba msaada, ishara inapanda satelaiti kwa masafa ya 406 MHz na inajulikana mko wapi, lakini atakaekuja ni meli kama yangu iliyo karibu na karibu inaweza kuwa siku nzima na zaidi. Kwa hio hanesi, ule mkanda wa kukushikiza na boti, unajifunga ungali ndani kwenye ngazi, kabla hujatoa kichwa nje, na ukiwa peke yako hutoki kokpiti kwenda mbele kwa sababu yoyote. Kitu kikikatika mwamshe skipa. Skipa wa maana hachukii kuamshwa.

sukani_na_dira

Naongezea hapo kwa mkubwa wangu. Kinachokuamsha zaidi usiku kuliko meli ni vile vidhoruba vidogo vya mvua, hasa nusu ya pili ya safari. Unaona nyota zimekatika upande mmoja, kwenye rada panatokea doa, ndani ya dakika chache upepo wa fundo 15 umekuwa 30 na mvua ya kumwaga, robo saa baadae imepita umebaki unayumba bila upepo. Sisi kila jioni kabla ya giza tulikuwa tunapunguza tanga hata kama hali ya hewa ni nzuri, tunapoteza maili chache ila waliolala wanalala.

Na majani ya sargasamu yatawasumbua ule upande wa magharibi, yanajiviringa kwenye usukani na kwenye jenereta ile ya kukokota majini, umeme unashuka hamjui kwa nini. Otopailoti inakula betri kuliko hata friji, kwa hio uliza kama wana ule usukani wa upepo usiotumia umeme.

mwalimu_wa_mkomani

Assalamu alaykum mwanangu. Hujajibiwa la sala na wewe uliliuliza.

Maji si tatizo, Mtume (s.a.w.) aliulizwa kuhusu kutawadha kwa maji ya bahari akajibu kwamba maji yake ni twahara na maiti yake ni halali, kwa hio ndoo ya maji chumvi inatosha na maji matamu yenu mkayahifadhi kwa kunywa. Wewe ni msafiri, una ruhusa ya kupunguza zile za rakaa nne kuwa mbili na kukusanya adhuhuri na alasiri, magharibi na isha, na hilo linaingiana vizuri na zamu zako. Boti ikiyumba huwezi kusimama, sali umekaa.

Kibla nimekupigia hesabu. Kutoka Kanari iko karibu na mashariki, ukifika Saint Lucia imesogea kidogo kuelekea kaskazini mashariki. Nyinyi mnakwenda magharibi, maana yake safari nzima kibla kiko upande wa tezi, nyuma ya boti, angalia dira ukae sawa. Nyakati zinasogea kila siku kwa sababu mnalifuata jua, digrii 15 za longitudo ni saa moja, kati ya Las Palmas na Saint Lucia jua linachelewa kama saa tatu nzima, basi usitegemee saa ya mkononi, lifuate jua lenyewe kama walivyofanya mabaharia wetu.

Na ukiwa juu usiku nyanyua macho. Sisi Lamu nyota ya kaskazini hatuioni, iko chini ya upeo. Pale Las Palmas utaiona digrii 28 juu ya bahari, na kila mnavyoshuka nayo inashuka, mkifika Saint Lucia itakuwa digrii 14. Urefu wake ndio latitudo yako. Na Kilimia, lile kundi dogo la nyota, mwishoni mwa Novemba kinapita karibu na utosi katikati ya usiku. Mfundishe na huyo mzee wa boti.

mtoto_wa_nungwi

Waalaykum salaam mwalimu wangu, Mungu akuzidishie, hio ya kibla nyuma ya boti nimeiandika kwenye daftari. Jamani na intaneti? Mzee ana Starlink, anasema mama yangu anaweza kuniona kila siku.

sukani_na_dira

Mi ningeizima mchana. Kabla ya hizo dishi watu walikuwa wanakusanyika kokpiti jua likizama, wanakula pamoja, kila mtu anatoa hadithi. Sasa unakuta wanne kila mmoja na simu yake kwenye kona yake.

binti_wa_mtwapa

Sikubaliani nawe kaka. Mi nilimsikia mtoto wangu kila baada ya siku mbili na ndio kilichonifanya nipike nikiimba. Utabiri wa hali ya hewa mnapata, daktari mnampata mtu akiumia. Wekeni saa maalum, iwashwe, izimwe, basi. Chakula cha jioni pamoja kinawezekana na Starlink ikiwepo, sisi tulikuwa nacho kila siku, saa kumi na moja jioni, hata kama ni wali na samaki tu.

Halafu mvueni fulusi. Kamba moja nyuma na ngisi wa plastiki, ikipata mmoja mkubwa ikunjeni mpaka muishe kumla, msiue vya kutupa. Anakuja ana rangi ya dhahabu na kijani anang'aa.

mtoto_wa_nungwi

Nimeongea na mzee leo. Mtambo wa maji upo, madumu ya akiba amekubali kuongeza, AIS inatuma, usukani wa upepo upo, tiketi ya kurudi ataandika kwamba ni yake. Zamu nimemuonesha ule mpango wa mpishi wa siku ameupenda. La mwisho wakuu, viatu. Mi nimezoea peku maisha yangu yote.

zamu_ya_alfajiri

Vaa vya kufunika vidole ukiwa dekini. Yale macho ya chuma ya kufungia kamba yanavunja kidole gumba mchana kweupe, na ukiwa na kidole kilichovunjika huwezi kushika zamu ya usiku bila maumivu. Ndani kaa peku. Nunua vyenye soli nyeupe laini, jozi mbili, moja ikiloa chumvi nyingine iko kavu, na uvivae wiki mbili kabla huko yadini vilainike.

binti_wa_mtwapa

Na soksi za sufu jozi mbili kaka, usiku wa kwanza kutoka Kanari kuna baridi, watu wa kwetu hatuitegemei.